Itifaki za viendelezi vya kivinjari: yanayodhaniwa na yaliyopo

Tuseme unatengeneza kiendelezi cha kamusi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari. Unataka mtu akibofya kiungo cha ext+kamusi:mwezi apate maana za "mwezi" papo hapo, kutoka kwenye data iliyomo ndani ya kiendelezi chenyewe. Wazo ni zuri, ila wengi hulianza wakiamini wanajenga seva ndogo ndani ya kivinjari.

Dhana: Nikisajili itifaki (sehemu ya anwani iliyo kabla ya nukta mbili, kama ext+kamusi), kivinjari kitaniomba maudhui kila anwani yake inapotajwa.

Kwenye Firefox ya zamani ilikuwa kweli. Viendelezi vya mtindo wa XPCOM (mfumo wa ndani wa Firefox) viliweza kuandikiwa nsIProtocolHandler yao, yaani msimbo unaojibu anwani za itifaki, vikamwaga humo chochote: HTML, picha, hata sauti. Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017, njia hiyo ikafungwa. Mafunzo yake bado yamezagaa mtandaoni, na ndiyo yanayopoteza watu.

Kilichobaki kwenye Firefox ni protocol_handlers ndani ya manifest.json (faili la maelezo ya kiendelezi), iliyokuja na toleo la 54. Unaandika jina la itifaki na kiolezo cha anwani, kwa mfano /tafuta.html?q=%s. Kiungo kikibofywa, kivinjari huchukua anwani yote, huigeuza herufi zake maalumu kuwa alama za asilimia, huipachika penye %s, kisha hufungua ukurasa huo. Basi, kazi yake imeisha. Kwa hiyo ukiweka ext+kamusi:mwezi kwenye src ya picha hutaona picha, na fetch(), amri ya JavaScript ya kuomba data, nayo itashindwa.

Anayepika maudhui ni JavaScript ya tafuta.html, baada ya kusoma location.search (sehemu ya anwani inayoanzia alama ya ?). Angalia niliposema "anwani yote": kinachofika si "mwezi", ni "ext+kamusi:mwezi". Nilipoteza jioni nzima nikishangaa kwa nini kamusi yangu haina hata neno moja, kumbe nilikuwa naitafutia neno lenye kiambishi chake. Na ukihitaji picha inayochorwa palepale, ukurasa huo huo utengeneze Blob (data inayokaa kwenye kumbukumbu), uipatie anwani kwa URL.createObjectURL, kisha uiachilie ikishatumika.

Dhana: Basi nitumie moz-extension://, anwani ya kurasa za kiendelezi chenyewe, moja kwa moja.

Ndani ya kiendelezi, sawa. Kumtumia rafiki, hapana. Firefox hukipa kila kiendelezi kitambulisho cha nasibu kinaposakinishwa, kwa hiyo anwani inayofunguka kwako kwake haielekei popote. Chrome ni tofauti: kitambulisho chake cha herufi 32, kati ya a na p, hutokana na ufunguo wa umma wa kiendelezi, hivyo hakibadiliki kutoka mtu hadi mtu. Hapa ndipo naona ext+ inastahili taabu yake: kiungo kimoja, kilekile kwa kila mwenye kiendelezi, hata kama kwenye kila kompyuta kinaishia kwenye anwani nyingine.

Dhana: Jina ni langu.

Si lako. kamusi: ikiwa peke yake itakataliwa, lazima itanguliwe na ext+ au web+, isipokuwa kwa majina machache yaliyoruhusiwa kama mailto, magnet na geo. Kiendelezi kingine kinaweza kusajili jina hilohilo, na atakayechagua kati yenu ni mtumiaji.

Dhana: Anwani yangu itachambuliwa kama ya https.

Kanuni za URL zina itifaki sita tu za pekee: http, https, ws, wss, ftp na file. Yako haimo. Ukiipitisha kwenye new URL(), kichambuzi cha anwani cha JavaScript, origin (asili ya anwani) itarudi "null", na pathname (njia yake) itakuwa "mwezi", bila mkwaju (/) mbele.

Dhana: Kiendelezi ni changu, kwa hiyo kinachoingia ni salama.

Hii ndiyo inayonitisha. Tovuti yoyote inaweza kuweka kiungo cha ext+kamusi, na maandishi yaliyo baada ya nukta mbili ni ya mtu usiyemjua. Yanaingia kwenye ukurasa wenye ruhusa zote ulizoomba. Sera ya usalama ya viendelezi huzuia skripti zilizopachikwa ndani ya HTML, lakini ukitumia innerHTML, inayosoma maandishi kama HTML, mgeni bado anaweza kukuwekea fomu bandia ya nenosiri. Tumia textContent, inayoyaacha kuwa maandishi tu. Baya zaidi ni itifaki inayotenda: kiungo cha ext+kamusi:futa-yote kikibofywa kwa bahati mbaya, orodha ya maneno aliyoihifadhi mtu imekwenda. Kiungo kionyeshe tu. Kufuta kusubiri kitufe ambacho mwenyewe atakibonyeza akiwa ndani ya ukurasa.