Je, wajua kwa nini Malawi ina ziwa kubwa vile lakini mizigo yake inakata kona Uyole, hapa Mbeya?

Juzi kati nilikuwa kwenye Costa ya kwenda Kyela, tumesimama pale Uyole konda anasubiri gari ijae (ilishajaa, ila unawajua makonda wetu, kujaa kwao ni mpaka mlango ugome kufunga), na upande wa pili zimepanga semi kama sita zenye namba za Malawi, zimetoka Dar, zinasubiri kukata kushoto kuishika barabara ya Tukuyu. Mama mmoja jirani yangu, ana ndoo ya maparachichi mapajani, akaziangalia weee, mwisho akauliza kwa sauti: "Hivi hawa Wamalawi si wana ziwa lote lile, kwa nini wasipakie meli zao wakatokea baharini huko, mpaka waje kutuchimbia barabara yetu?"

Watu wakacheka. Jamaa wa siti ya nyuma akadakia kwamba ziwa si la kwao peke yao, hapo ikawa mjadala wa mpaka, kelele hadi Kiwira, swali la mama likafa kifo cha mende. Mimi nikabaki nalo kichwani kwa sababu ukilifikiria ni swali la maana sana. Jirani yetu huyu ana eneo la kilomita za mraba 118,484, na kama sehemu moja ya tano yake ni maji. Nchi nyembamba kama mkanda, imelala kandokando ya Ziwa Nyasa kutoka kaskazini kushuka kusini zaidi ya kilomita 800, na sehemu zingine upana wake haufiki hata kilomita 100. Sasa mtu mwenye maji yote hayo anakosaje bahari?

Kwanza tuelewane, mto wa kutoka ziwani kwenda baharini upo. Mama hakukosea. Unaitwa Shire, unatokea kule kusini kabisa upande wa Mangochi, unapita kaziwa kadogo kanaitwa Malombe, unateremka mpaka unaingia Zambezi ndani ya Msumbiji, na Zambezi ndo inamwaga Bahari ya Hindi. Ukiangalia ramani tu unasema mbona njia nyeupe hii. Shida ni kwamba ramani haioneshi kushuka. Ziwa liko kama mita 470 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hiyo Shire inazishusha karibu mita 400 katika kipande kimoja kifupi cha kama kilomita 80, maporomoko juu ya maporomoko, mawe na povu. Livingstone, yule mmisheni mpelelezi wa Kiskoti, alikuja na boti akitokea Zambezi mwaka 1859, akafika kwenye yale maporomoko ya chini, boti ikagoma, ikabidi apande kwa miguu, ndo Septemba mwaka huohuo akaliona ziwa. Mwaka 1875 wamisheni wa Scotland wakataka meli ya mvuke ndani ya ziwa, unajua walifanyaje? Walikuja nayo imefunguliwa vipande vipande, wakafika kwenye maporomoko wakawatwika wapagazi mamia, vyuma kichwani mpaka juu, halafu wakaiunga upya. Meli hiyo iliitwa Ilala, na usidhani ni Ilala ya Dar, ni jina la eneo la Zambia ambako Livingstone alifia mwaka 1873. Jina lenyewe wamelipenda kweli, maana MV Ilala nyingine ilianza kazi ziwani mwaka 1951.

Maporomoko hayohayo leo ndo yanawasha taa za Malawi. Mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira yote iko pale kwenye mteremko wa Shire, na umeme wao mwingi unatoka hapo. Faida na hasara mfuko mmoja: Januari 2022 kimbunga Ana kilipopiga, mafuriko yakaibomoa Kapichira na nchi ikakaa na mgao mkali. Na kuna miaka mto wenyewe ulikata, yaani kati ya 1915 na 1935 hivi ziwa lilishuka, mdomo wa Shire ukajaa mchanga na matete, maji yakawa karibu hayatoki kabisa. Sasa njia ya meli gani hiyo inayoweza kukauka miaka ishirini?

Haya, tuseme mawe yasingekuwepo. Bado kuna mwenye nyumba huko chini. Mdomo wa Zambezi na pwani yote ile Mreno alishakaa tangu karne ya 16. Karne ya 19 inaisha Mreno akatamani aunganishe Msumbiji na Angola, achore mkanda mmoja kukata bara zima, na nyanda za juu za Shire ziko katikati ya njia yake. Ila pale palishakuwa na wamisheni wa Kiskoti na biashara zao, mji wao wa Blantyre wameupa jina la kijiji alikozaliwa Livingstone, wakapiga kelele Uingereza, na Januari 1890 Uingereza ikamtumia Mreno onyo kali aondoe askari wake. Akaondoa. Mwaka 1891 wakasaini mkataba: Mwingereza abaki na ziwa na milima, Mreno abaki na pwani. Kwa hiyo nchi ilizaliwa bila bahari kwa sababu waliokuwa wanaipigania walikuwa wanapigania misheni zao zilizoko milimani, ufukweni hawakuwa na chao. Ukiangalia umbo la Malawi kule kusini, kale kamkia kalikochomekwa ndani ya Msumbiji, ni bonde la Shire hilo, Mwingereza aliufuata mto mpaka akamkuta Mreno.

Wamalawi wenyewe hawajaikatia tamaa hiyo njia. Oktoba 2010 Rais Bingu wa Mutharika alizindua bandari ya Nsanje, huko kwenye mkia, chini ya maporomoko, ili matishali yapande kutoka Zambezi. Msumbiji ikasema hapana, kwanza ufanyike uchunguzi wa mazingira. Bandari ikabaki na gati bila meli. Hapo mtu unajifunza maana ya kutokuwa na pwani, unaweza kuwa na hela, una gati, una mto, halafu jirani akasema subiri, na unasubiri.

Sasa tufike kwenye barabara yetu. Kwa kawaida Malawi si mteja wa Dar hata kidogo, ukipima kilomita bandari zao za karibu ni Beira na Nacala, zote Msumbiji, na zote zimeungwa na reli, ile ya Nacala ilikamilika mwaka 1970. Ikaja vita ya Msumbiji, 1977 mpaka 1992. Waasi wa RENAMO wakawa wanang'oa reli na kulipua madaraja, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 njia zote mbili zimekufa. Fikiria nchi nzima, mbolea, diseli, nguo, vipuri, inabidi vizunguke na malori kupitia Zambia na Zimbabwe mpaka Durban. Bei za usafiri zikawaua. Ndo wakageuza macho kaskazini, kwetu. TAZARA ilikuwepo, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, walijengewa Wazambia (nao hawana bahari, nao walibanwa na Rhodesia ya Ian Smith, hadithi ni ileile ila boda nyingine), basi mzigo unapanda treni Dar, unashuka Mbeya, unaingia lori, unateremka Tukuyu mpaka Karonga ndani ya Malawi, na mwingine unaenda Chilumba kupanda meli ya ziwani. Ile Malawi Cargo hapa Mbeya mjini unayopita kila siku bila kuuliza ni ya nini, ndo mtoto wa shida ile.

Kinachonichekesha ni kwamba wakati huo wakubwa hawakuwa wanaelewana. Kamuzu Banda, aliyeipeleka Malawi kwenye uhuru tarehe 6 Julai 1964, alifungua ubalozi na makaburu wa Afrika Kusini wakati Nyerere anawapa hifadhi wapigania uhuru, na mwaka 1967 wakaanza kuvutana kuhusu ziwa. Banda anasema mkataba wa Mjerumani na Mwingereza wa tarehe 1 Julai 1890 umeweka mpaka kwenye ufukwe wa Tanganyika, kwa hiyo maji yote ni yake, sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji kama ilivyo kwa majirani wote wenye akili. Mvutano haujaisha mpaka leo (jamaa wa siti ya nyuma alikuwa na hoja). Hata jina hatukubaliani. Wao Ziwa Malawi, sisi Ziwa Nyasa, na hilo "nyasa" lenyewe ni neno la Kiyao lenye maana ya ziwa, yaani tunaita Ziwa Ziwa na tunajivunia.

Tukija kwa watu ndo mpaka unakosa maana kabisa. Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu unakutana na Wangonde wa Karonga, na Mnyakyusa wa Kyela akiongea lugha yake pole pole, Mngonde anamjibu kwa Kingonde na mazungumzo yanaenda. Masimulizi ya pande zote mbili yanasema machifu wao walishuka kutoka Ukinga, kwenye ile milima inayosimama juu ya ziwa, na mpaka leo chifu mkuu wa Wangonde anaitwa Kyungu, jina ambalo huku kwetu nalo unalikuta. Walikuwa majirani wa kawaida tu, mwaka 1890 Wazungu wawili wakakaa Berlin wakagawana, Songwe ukawa mstari.

Wangoni nao. Watu wanadhani Mngoni ni wa Songea, basi. Chifu wao Zwangendaba aliwatoa watu wake kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakapanda mpaka Ufipa, hapahapa jirani zetu wa Sumbawanga, mzee akafia huko miaka ya 1840. Baada ya msiba wakagombana nani arithi, wakatawanyika: wengine wakaenda na Mbelwa, ndo Wangoni wa Mzimba kaskazini mwa Malawi, wengine na Mpezeni, wako Chipata Zambia, wengine wakaangukia Songea. Ugomvi wa urithi wa familia moja umezaa Wangoni wa nchi tatu, na leo hao wa Mzimba wanaongea Kitumbuka zaidi kuliko Kingoni, lugha iliwameza.

Ukizidi kushuka unakuta Wachewa katikati, upande wa Lilongwe, mji ambao umekuwa makao makuu tangu 1975 badala ya Zomba, halafu Wayao kule Mangochi ambao wengi ni Waislamu, biashara ya pwani ya Kilwa iliwafikisha huko. Kichewa nacho ukitega sikio hakikupotezi: maji ni madzi, mtu ni munthu, nyumba ni nyumba, ugali nsima, kuku nkhuku. Asante ndo zikomo, hilo kila mtu wa Tunduma na Kyela analijua.

Na wako wengi! Sensa yao ya 2018 iliwahesabu milioni 17.5, kwenye nchi kavu isiyofika kilomita za mraba laki moja. Zambia ina kilomita za mraba 752,000 na watu milioni 19.6 kwa sensa ya 2022. Ndo maana ukivuka Songwe unaona shamba, nyumba, shamba, nyumba, hakuna pori la kupumzisha macho. Wengi wanaishi kwa mahindi yao wenyewe na fedha ya kigeni wanaitegemea sana tumbaku, kwa hiyo mwaka tumbaku ikiyumba dola zinakauka, dola zikikauka mafuta hayanunuliki, foleni kwenye sheli zinakuwa za siku. Juu ya hapo weka gharama ya kilomita zote zile kutoka baharini.

Ile kona ya Uyole ina nguvu kuliko tunavyodhani. Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka kwetu, inalinda wakulima wake na dola zake. Ndizi za Tukuyu zikaozea kwenye magari boda. Aprili Tanzania nayo ikafunga mazao yao yasiingie, baadaye wakakaa mezani wakafunguliana.

Songwe wenyewe hausikilizi hata mmoja. Kule chini Kyela, kwenye tambarare kabla ya ziwa, mto unahama mkondo mvua zikiwa kubwa, na mtu anaweza kulala shamba liko Tanzania akaamka liko ng'ambo. Nchi mbili zimeunda kamisheni ya bonde hilo, makao yake Kyela, moja ya kazi zake ni kuutuliza mto ubaki mahali pamoja.

Mama wa maparachichi alishuka Tukuyu kabla sijamweleza lolote kati ya haya. Semi zake tulizikuta tena Kasumulu, zimepanga foleni ya boda, na dereva mmoja wa Kimalawi kashuka anabishana bei ya debe la mchele wa Kyela na binti wa pale, yeye anaongea Kitumbuka, binti anajibu Kinyakyusa, na hela wanahesabu kwa Kiswahili.