Usawa wa mwanga barabarani ni nini

Usawa wa mwanga ni uwiano kati ya sehemu yenye giza kuliko zote barabarani na wastani wa mwanga wa barabara hiyo. Chukua kipimo cha chini kabisa, kigawe kwa wastani. Barabara yenye wastani wa laksi 20 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya lami) na kipimo cha chini cha laksi 4 ina usawa wa 0.2. Nyingine yenye wastani wa laksi 15 tu, lakini haishuki chini ya laksi 6, ina 0.4. Hiyo ya pili, ingawa mwanga wake ni mdogo, ndiyo salama zaidi kuendeshea usiku.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Nguzo zikiachana mita 35, dereva anaingia kwenye mwanga mkali na kutoka kila baada ya sekunde mbili, na jicho halipati nafasi ya kuzoea giza. Mwenye nguo nyeusi akivuka katikati ya nguzo mbili, anaonekana akiwa tayari mbele ya boneti.

Kinachosahaulika ni kwamba kuongeza wati hakubadilishi usawa. Badili taa ya wati 100 kwa ya 200 yenye lenzi ileile, juu ya nguzo ileile: pale penye mwanga pataongezeka maradufu, na penye giza vilevile. Uwiano unabaki 0.2, ila bili imepanda. Usawa unatokana na urefu wa nguzo, umbali kati ya nguzo, upana wa barabara na namna lenzi inavyotawanya mwanga.

Ndiyo maana upanuzi wa barabara huvuruga kila kitu. Kwa barabara yenye upana wa mita 7 zinatosha nguzo za mita 8 za upande mmoja, kwa sababu upana haujazidi urefu wa nguzo. Ukiipanua hadi mita 14 na kuziacha nguzo zilezile, njia ya mbali inabaki gizani. Kanuni ya kuanzia ni hii: upana ukiwa kati ya mara 1 na 1.5 ya urefu wa nguzo, weka nguzo pande zote mbili kwa kupishana. Ukizidi mara 1.5, ziweke zikitazamana. Umbali kati ya nguzo huwa mara 3 hadi 3.5 ya urefu wake. Hayo ni makadirio tu. Uamuzi hutoka kwenye hesabu ya kompyuta inayotumia faili la taa yenyewe (data ya jinsi inavyotawanya mwanga), si la taa inayofanana nayo.

Tuseme tunataka wastani wa laksi 20 kwenye upana wa mita 14, nguzo za mita 10 zikipishana, kila upande zikiachana mita 35. Eneo ni mita za mraba 490, na laksi moja ni lumeni moja ya mwanga kwa kila mita ya mraba, hivyo zinatakiwa lumeni 9,800 zifike kwenye lami. Ikiwa nusu tu ya mwanga ndiyo inayofika huko, na vumbi pamoja na uzee vinapunguza hadi 0.8, taa mbili zinapaswa kutoa lumeni 24,500, yaani 12,250 kila moja. Kwa LED inayotoa lumeni 135 kwa wati, ni kama wati 90. Anayekuletea wati 200 kwa barabara hiyo muombe hesabu yake.

Nguzo za kisiwa cha katikati zenye mikono miwili hupendwa kwa sababu mtaro ni mmoja na kebo ni moja. Lakini njia za waenda kwa miguu hukosa mwanga, na fundi akitaka kubadili taa lazima njia ya kasi ifungwe. Tena katikati ndiko panakotakiwa baadaye kwa mabasi yaendayo haraka, kama ilivyo Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Penye vituo vya daladala na watu wengi wanaovuka, nguzo za pembeni zinastahili gharama yake.

Kosa la kawaida wakati wa kufunga ni kuinamisha taa kwenda juu ili mwanga ufike mbali. Unafika kweli, lakini machoni mwa madereva, na mvua ikinyesha lami inakuwa kioo. Ikiwa njia ya mbali ni giza, badilisha lenzi au urefu wa mkono. Upande wa umeme, gawanya taa zinazofuatana kwenye fezi tatu (nyaya tatu zinazoleta umeme): moja ikikatika inazimika taa moja kati ya tatu, si kipande kizima.

Kwa barabara kuu, kiwango cha Ulaya EN 13201 hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye lami. Daraja la M3 linataka kandela 1 kwa mita ya mraba (kipimo cha mwanga huo unaorudi), usawa wa jumla wa 0.4, na usawa wa 0.6 kwa urefu wa kila njia.

Kabla ya kupokea kazi, pima kwa laksi usiku, barabara ikiwa kavu na magari yamezuiwa. Kati ya nguzo mbili zinazoachana mita 35, gawanya urefu vipande 12 na kila njia safu 3. Kwa njia mbili ni vipimo 72. Mkandarasi akipima chini ya nguzo peke yake, rudia naye.