Matundu madogo hayapunguzi kipande cha ini

Wengi wakisikia kwamba mtu anaweza kumchangia ndugu yake ini kwa upasuaji wa matundu madogo, ambapo kamera na vifaa huingizwa tumboni kupitia matundu hayo, au wa roboti inayoongozwa na daktari, hudhani hiyo ni operesheni ndogo, na kwamba kinachotolewa ni kijipande tu. Sivyo. Kinachopungua ni jeraha la tumbo.

Ndani, kazi ni ileile. Mtu mzima akimchangia mtu mzima, mara nyingi hutolewa upande wa kulia, takriban asilimia 60 ya ini. Mishipa ya damu na mirija ya nyongo hutenganishwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kosa moja laweza kuwaumiza watu wawili. Tena kipande hicho hakipiti kwenye tundu la kamera. Hutolewa kupitia mkato wa chini ya tumbo, mahali anapopasuliwa mama wakati wa kujifungua.

Timu ya daktari wa upasuaji Daniel Cherqui, Ufaransa, iliripoti njia ya matundu mwaka 2002, kwa watoaji waliowachangia watoto, ambao huhitaji kipande kidogo cha kushoto. Leo hospitali za Seoul, Korea Kusini, na Riyadh, Saudi Arabia, zina uzoefu mkubwa. Faida ni za kweli: maumivu hupungua, kovu hufichika. Lakini damu au nyongo bado inaweza kuvuja, na vifo vya watoaji, ingawa ni nadra sana, vimetokea kwenye upasuaji wa kuchangia ini.

Kwa hiyo familia zinazosafiri kwenda India kwa matibabu haya zisiulize kwanza kama hospitali ina roboti. Zimuulize daktari amefanya upasuaji huo mara ngapi kwa njia anayoipendekeza.