Kituo Hakifichwi: Ramani na Upangaji wa Njia Katika Orientiringi

Jabali la upana wa mita moja na nusu, likichorwa kwenye ramani ya orientiringi, huwa kitone cheusi cha milimita 0.4. Kwa skeli ya 1:15 000 kitone hicho kinafunika mita 6 za ardhi. Sasa chukua mteremko wenye majabali ishirini yaliyosongamana, ulipe kila moja kitone chake: karatasi inageuka doa jeusi, na mkimbiaji anayepita kwa kasi huku jasho likimwingia machoni haoni kitu. Ndiyo maana nikipewa ramani niipime ubora, kwanza natafuta yale ambayo mchoraji ameyaacha.

Kwa msiouzoea mchezo huu: mkimbiaji hupewa ramani na dira, akavipitia vituo vyenye bendera kwa mpangilio, na kati ya kituo na kituo njia anaichagua mwenyewe. Tuliosoma jiografia sekondari tulizoea ramani za 1:50 000, ambako sentimita moja ni nusu kilomita. Hii ya msituni ina kontua kila mita 5, na rangi zake zina lugha yake. Nyeupe ni msitu unaokimbilika vizuri. Njano ni mahali pa wazi. Kijani ni vichaka: kilichofifia kinakuachia asilimia 60 hadi 80 ya kasi yako, kilichokolea kabisa hakikuachii hata asilimia 20.

Kijani ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Siku hizi ndege hupima ardhi kwa leza, nami napata kontua safi kabla sijavaa viatu. Ni msaada mkubwa mno. Lakini misitu ya huku Uswidi hupandwa, hukatwa na kuota upya, na kipimo cha miaka michache iliyopita hakijui kwamba miti imekwisha kukatwa na vichaka vimeshika nafasi yake. Hapo hakuna dawa ila kutembea, kipande kwa kipande, na kuamua: huyu anayekuja mbio atapita hapa, au atakwama?

Uamuzi huo ndio unaobeba kazi ya mpangaji wa njia, yaani anayeamua vituo viwekwe wapi. Tuseme kati ya kituo cha 4 na cha 5 kuna kilima. Ukinyoosha, unapanda mita 60. Ukizunguka kwa kijia, unaongeza mita 500 lakini tambarare. Wakimbiaji wengi huhesabu kila mita 10 za kupanda kama mita 100 za tambarare, kwa hiyo kilima kinagharimu kama mita 600 na kuzunguka kunashinda kwa unyoya tu. Hicho ni kipande kitamu, kinamlazimu mtu afikiri. Ila kama ubavuni mwa kilima kuna kichaka kizito na ramani inaonyesha nyeupe, aliyenyoosha amedanganywa, na wenye kosa ni sisi wachoraji na wapangaji.

Niliwahi kukosea hivyo. Niliweka kituo kwenye jabali dogo ndani ya kijani kizito, nikidhani nimetengeneza mtihani mgumu. Wakimbiaji hodari walizunguka hapo dakika nne, tano. Mmoja akaiona bendera kwa kuangukia tu, na waliokuwa karibu wakamfuata. Matokeo ya siku ile yaliniuma, kwa sababu yalipima bahati. Tangu hapo, ugumu nauweka njiani. Bendera yenyewe naiweka wazi, ili aliyesoma ramani sawasawa aione anapofika. Na naepuka kona kali inayomrudisha mkimbiaji alikotokea, maana anayetoka humwonyesha anayeingia bendera ilipo.

Mbio fupi za mijini zina ukali wa aina nyingine. Skeli ni 1:4000, mshindi humaliza kwa dakika 12 hadi 15, na ukuta uliochorwa kwa mstari mnene mweusi hauvukwi kwa mujibu wa kanuni, hata kama mguu wako unauweza. Ukiuvuka unaondolewa mashindanoni. Basi fikiria kichochoro cha upana wa mita moja kati ya kuta mbili. Kwa kipimo halisi ni robo milimita kwenye karatasi, na jicho la mtu anayekimbia halitakiona. Kwa hiyo mchoraji hukipanua hadi walau milimita 0.4, hata ikibidi kusogeza ukuta wa jirani kidogo.

Kabla ya kuidhinisha njia ya mjini, mimi huchapisha ramani kwa ukubwa wake halisi na kukimbia nayo mkononi jioni, mwanga ukiwa hafifu. Uchochoro nisiouona kwa kasi hiyo siuachi uamue mshindi: naufunga kwa uzio wa muda na kuuchora huo uzio, au nahamisha kituo.