Je, wajua? Kwa nini "simwamini" na "haaminiki" hazina maana moja

Mtu akisema "yule haaminiki", amemhukumu mwenzake. Akisema "mimi simwamini", ameeleza hali ya moyo wake mwenyewe. Shina ni lile lile, ila lawama imehama upande. Wengi huteleza hapo wanapoandika barua au taarifa: wanataka kusema wameingiwa na shaka, kumbe wameshamwita mtu mwongo.

Kiswahili hakina neno moja la mkato lililo kinyume cha imani. Kazi hiyo hufanywa na ukanushi, na kwa kawaida ukanushi huo hukaa kwenye kitenzi. Amini ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa imani, amana na muumini, lakini limekwisha kuvaa viambishi vya Kibantu, na viambishi hivyo ndivyo vinavyoamua nani anakosa imani na nani.

Chukua fundi na mteja wake. "Simwamini fundi" ni kauli ya mteja, na fundi huenda hana kosa lolote. (Ukiandika "siamini fundi" umeacha -mw-, na kwa mtu kiambishi hicho cha mtendwa hakiachwi.) "Fundi haaminiwi" maana yake watu hawajampa imani yao, labda kwa sababu ni mgeni. "Fundi haaminiki" ni nzito zaidi: kasoro iko kwake, kauli zake na ahadi zake hazitegemeki. "Fundi si mwaminifu" inagusa tabia yenyewe, kwamba anadanganya au anaiba. "Fundi hajiamini" haimhusu mteja hata kidogo. Ni yeye anayetilia shaka uwezo wake. Na "hawaaminiani" inahitaji pande mbili. Ndiyo maana "kutoaminiana kwa mteja" ni kauli pungufu. Sema "kutoaminiana kati ya mteja na fundi".

Kosa kubwa zaidi liko kwenye nomino. Ukosefu wa imani na ukosefu wa uaminifu hubadilishwa ovyo, hasa katika taarifa za kuvunjika kwa mikataba. "Ubia ulivunjika kwa ukosefu wa imani kati ya wabia" inaweza kuwa kweli hata kama hakuna aliyemwibia mwenzake, waliogopana tu. Weka "ukosefu wa uaminifu", na umeshadai kwamba kuna aliyedanganya. Dai hilo linahitaji ushahidi.

Kwa maandishi, kutoamini huandikwa neno moja, si "kuto amini". Vitenzi vya silabi moja hubaki na -ku- yake: kutokula, kutokuja, kutokuwa. Bungeni utasikia "kura ya kutokuwa na imani", na Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitaja katika ibara ya 53A, ikimhusu Waziri Mkuu.

Pembeni ya amini kuna ukoo wa shaka, na huu una viwango. Kutilia shaka hulenga jambo zaidi kuliko mtu: unaitilia shaka hesabu, unaitilia shaka kauli. Kushuku humlenga mtu, na huweza kubaki moyoni bila kutamkwa. Kutuhumu ni kumdhania mtu kosa mahususi, na mara nyingi hutamkwa: "wamemtuhumu kwa wizi". Lisichanganywe na kushutumu, ambako ni kulaumu kwa maneno makali. Unaweza kumshutumu mtu kwa jambo ambalo hata yeye halikani.

Mashaka linataka uangalifu wake. Wapo wanaolitumia kama wingi wa shaka, lakini maana yake ya siku zote ni taabu na dhiki, na katika Kiarabu maneno haya mawili yana mizizi tofauti. "Amepata mashaka" ni mtu aliyefikwa na shida. Wasiwasi nao ni hofu isiyotulia. "Nina wasiwasi naye" huweza kueleweka kwamba unamhofia asidhurike, au kwamba humwamini. Kama unakusudia la pili, ni salama kusema "namshuku" au "sina imani naye".

Katika habari za polisi, vyombo vya Kenya hupendelea mshukiwa na vya Tanzania mtuhumiwa, wote wakimaanisha anayedhaniwa kutenda kosa. Mshtakiwa ni hatua nyingine: huitwa hivyo aliyefikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka, na hata hapo upande wa mashtaka bado una wajibu wa kuthibitisha kosa lake pasipo kuacha shaka.