Makopo ya Yom Kippur: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, masinagogi mengi ya Marekani hugawa mifuko ya karatasi mitupu wakati wa Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi. Ikifika jioni ya kuingia Yom Kippur, siku kuu ya toba, mifuko inarudi imejaa: maharage ya kopo, samaki, siagi ya karanga, makaroni, wakati mwingine nepi. Wanaoshika sheria kwa ukali huileta kabla jua halijazama, maana siku yenyewe hairuhusiwi kubeba mizigo. Kisha wanafunga saa 25, bila chakula wala maji, na asubuhi husomewa Isaya 58, pale nabii anapowakemea wanaofunga huku wenye njaa wakiachwa bila mkate.

Walio nje wana maelezo yao kuhusu mifuko hii, na mengi hayako sawa.

“Wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe.” Hili ndilo linalosemwa sana. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mijadala ya Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Gittin, inaagiza maskini wasio Wayahudi watunzwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, kwa ajili ya kuishi kwa amani. Sinagogi nyingi hupeleka mifuko kwenye benki ya chakula ya mji, yaani ghala la kugawia wenye shida chakula, ileile inayopokea michango ya makanisa, misikiti na shule. Makopo yakishachanganywa kwenye rafu, hakuna anayejua lipi limetoka kwa nani, na mama anayekuja kuchukua cha kupika jioni hana haja ya kujua.

“Kwani kuna Myahudi mwenye njaa?” Wapo, tena wengi. New York kuna shirika la Met Council linalowahudumia Wayahudi wenye shida tangu 1972. Kabla ya Pasaka ya Kiyahudi hugawa vyakula kwa wingi. Miongoni mwa wenye kipato kidogo mjini humo wamo wazee walionusurika mauaji ya Wanazi. Dhana kwamba kila Myahudi ni tajiri ni ya zamani na ina sumu yake. Hapa inamwumiza bibi kizee anayeona aibu kujipanga foleni.

Bibi huyo ana tatizo la pili: kama anashika kosher, yaani sheria ya Kiyahudi ya vyakula, hawezi kula kila atakachopewa. Ndiyo maana jiko la Masbia la kulisha wenye njaa, lililoanza Brooklyn mwaka 2005, hupika kosher tupu, ingawa mwenye njaa yeyote hukaribishwa. Lakini si kweli kwamba kila kopo linalopita sinagogini lazima liwe na alama ya kosher. Inategemea linakokwenda, na pia msimamo wa sinagogi yenyewe kuhusu kinachoingia ndani ya jengo lake.

“Pasaka wanatupa makombo kwa maskini.” La hasha. Kabla ya Pasaka nyumba husafishwa vyakula vya ngano na nafaka zenye chachu, na watu wengi hupeleka benki ya chakula pakiti ambazo hazijafunguliwa. Anayeleta nusu pakiti ya biskuti hurudishwa nayo, kama anayeleta kopo lililopitwa na tarehe.

Wengine hudhani ni ukarimu wa hiari tu, kumbe ni agizo. Mambo ya Walawi inamkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake, ili maskini na mgeni wapate. Mishna, sehemu ya kale zaidi ya Talmudi, inataja chakula cha kugawiwa kila siku na mfuko wa kugawiwa kila wiki. Na Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba hata maskini anayeishi kwa kusaidiwa naye anapaswa kutoa. Mimi hili hunigusa kuliko mengine: anayepokea hafutwi kwenye orodha ya watoaji.

“Chakula ni bora kuliko fedha.” Mara nyingi ni kinyume, kwa sababu benki za chakula hununua kwa bei ya jumla. Shirika la MAZON, lililoanzishwa 1985, lilianza kwa kuziomba familia zitenge asilimia 3 ya gharama za harusi na sherehe nyingine kwa ajili ya wenye njaa.

Kingine wasichokijua hata baadhi ya waumini: rafu hujaa wakati wa sikukuu, ilhali shida huzidi Juni hadi Agosti, shule zikifungwa na watoto kukosa mlo wa mchana waliokuwa wakiupata darasani. Sinagogi zinazoacha pipa la michango mlangoni mwaka mzima ndizo zinazoziba pengo hilo.