Umepataje sita?

Msichana wa miaka tisa ameinamia daftari. Mbele yake ipo hesabu moja tu: 502 − 178. Ameandika 476 na penseli ameshailaza mezani, maana kwake kazi imekwisha. Mama yake ameketi ubavuni, mtoto mchanga amelala begani. Hakumwambia kwamba amekosa. Alielekeza kidole kwenye tarakimu ya mwisho ya jibu akauliza, "Umepataje sita, mwanangu?"

"Nane toa mbili, mama."

"Mbona mbili ndiyo iko juu?"

"Ndiyo, lakini kwenye mbili huwezi kutoa nane. Kwa hiyo nimeanza na ile kubwa."

Nilikuwa upande wa pili wa meza, nimealikwa kuona familia hiyo inavyosomesha. Kabla ya kuanza kazi ya kuzishauri familia zinazosomesha watoto nyumbani nilifundisha shule za msingi kwa miaka 11, na kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi mno. Nililiwekea alama nyekundu, nikaandika jibu sahihi pembeni, nikachukua daftari linalofuata. Rundo lilikuwa refu na kipindi kilikuwa kinakwisha. Ni mara chache sana nilipata nafasi ya kuuliza "umepataje?" na kusubiri jibu.

Tazama alichofanya huyu mtoto. Hakubahatisha. Ana kanuni, na ameifuata katika tarakimu zote tatu: nane toa mbili, saba toa sifuri, tano toa moja. Kanuni yake inasema namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu. Ukimpa hesabu 20 zaidi za namna hiyo atakosa zote 20, na kila moja itaizidishia mizizi kanuni ile mbovu. Mazoezi yasingemponya. Kilichomponya ni mtu mmoja kumsikiliza akieleza.

Mama akaleta njiti zilizofungwa mafungu: mafungu matano ya mia mia, na njiti mbili pekee. Akamwambia mtoto atoe njiti nane. Zipo mbili. Akope wapi? Makumi hakuna, mahali pake pana sifuri. Mtoto akaduwaa kidogo, kisha akafungua fungu moja la mia, likawa mafungu kumi ya kumi kumi. Akachukua moja kati ya hayo akalifungua pia. Sasa anazo mia nne, makumi tisa na mamoja kumi na mawili. Kumi na mbili toa nane ni nne. Tisa toa saba ni mbili. Nne toa moja ni tatu. 324. Hapo akauliza mwenyewe, bila kusukumwa: "Kumbe ile sifuri inageuka tisa kwa sababu moja nimeipeleka huku?" Somo zima lilichukua dakika zisizofika 20, kwa hesabu moja.

Nimeanza na meza hiyo kwa sababu wazazi wengi wanaonijia wanataka kwanza ratiba. Wanataka kujua vipindi viwe vingapi, vianze saa ngapi, mtoto avae nini. Nawaelewa. Shule ndiyo sura pekee ya elimu waliyolelewa nayo. Isitoshe, mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walijikuta nyumbani, na picha ya "kusomea nyumbani" iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya mtoto mbele ya kioo cha kompyuta au simu kutwa nzima na mzazi aliyechanganyikiwa nyuma yake. Hiyo ilikuwa shule iliyosukumwa ndani ya nyumba kwa dharura. Familia iliyochagua kusomesha yenyewe haiishi hivyo, na ikijaribu kuishi hivyo huchoka mapema.

Familia ya kwanza kabisa niliyoishauri niliipa ratiba ya vipindi vinane kwa siku, vya dakika 40 kila kimoja. Wiki ya tatu mama alinipigia simu analia. Kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimetambua kwamba sehemu kubwa ya siku ya shule ni kungoja: kungoja wenzako watulie, kungoja daftari lirudi, kungoja zamu yako ya kusoma. Mtoto mmoja au wawili wakiwa na mtu mzima pembeni hawana cha kungoja, kwa hiyo kazi ya asubuhi nzima ya darasa hubanwa ndani ya saa moja na nusu, na saa hiyo na nusu inachosha kwelikweli, kwa mtoto na kwa mzazi. Siku hizi kwa mtoto wa miaka sita hadi tisa napendekeza saa mbili za masomo ya mezani, zikatwe vipande vya dakika 15 au 20, na kati ya kipande na kipande ainuke, abebe maji, akimbie, amtazame mdogo wake. Aliyefika miaka 12 anaweza saa tatu au nne, na nyingi ya hizo akiwa peke yake.

Wazo la vipande vifupi si langu. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyeishi kuanzia 1842 hadi 1923, alilishikilia sana, na tangu 1891 alikuwa akituma mpango wa masomo kwa posta kwa familia zilizosomesha nyumbani. Kwa watoto wadogo hakutaka somo lipite kama dakika 20. Ila nililolichukua kwake kwa mikono miwili ni jambo jingine: kusimulia. Mtoto husomewa kifungu mara moja tu, kitabu kikafungwa, kisha anaambiwa, "Haya, nisimulie." Haulizwi maswali kumi ya kujaza nafasi. Anasimulia kwa maneno yake, kwa mpangilio wake, na mzazi ananyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Nimewaona wazazi wakimalizia sentensi za watoto wao, wakisahihisha jina, wakiongeza kilichosahaulika. Acheni. Wakati mtoto anahangaika kutafuta nini kilifuata, kumbukumbu ndipo inapojengwa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliosoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojikumbusha ndio waliobaki na mengi zaidi. Mzazi anayesikia mtoto akisimulia kwa kubabaika hudhani somo limeshindwa. Kwa kweli ndiyo kwanza linafanya kazi. Mrudie kesho kutwa, umwombe asimulie tena kidogo, halafu wiki ijayo.

Kusimulia kunafichua pia tatizo ambalo sisi tunaosomesha kwa Kiswahili tunalipata sana. Maandishi yetu yana utii: herufi zinasomeka jinsi zilivyo, na mtoto aliyeshika silabi zake, ba be bi bo bu, anaweza kutamka ukurasa wowote ndani ya muda mfupi. Mzazi anafurahi, mtoto anajua kusoma! Kisha unamwambia afunge kitabu akueleze, na hakuna kitu. Ametamka ukurasa mzima kama mtu anayehesabu ngazi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kufumbua maandishi na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri. Kwa mtoto wa namna hii silabi zimetimia, ila maneno anayoyaelewa bado ni machache. Dawa yake ni kusomewa kwa sauti vitabu vilivyo juu ya kiwango anachoweza kujisomea, kila siku, hata baada ya kujua kusoma. Kuzungumza naye ni dawa nyingine. Ukimkuta anakusaidia kazi, mweleze unachofanya na kwa nini, kwa maneno yenyewe ya kazi hiyo, usimpunguzie lugha kwa sababu ni mdogo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema mtoto asipangiwe somo lolote, aachwe afuate udadisi wake. John Holt, aliyekuwa mwalimu wa darasani nchini Marekani kabla ya kukata tamaa na shule, ndiye aliyelipa wazo hilo nguvu, na mwaka 1977 alianzisha jarida la familia zinazoishi hivyo. Namheshimu sana, hasa kwa jinsi alivyowatazama watoto kwa makini. Mchana wa mtoto naukabidhi kwa mawazo yake bila wasiwasi: aangalie sisimizi saa nzima, avunje redio mbovu aone ndani, aandike barua. Asubuhi siikabidhi. Kusoma na hesabu vina ngazi, na aliyeruka ngazi ya mafungu ya makumi haji kuiokota kwa udadisi tu akiwa na miaka 13. Nimekutana na watoto wa aina hiyo, wenye akili kali na maswali mazuri, wanaoona aibu kubwa mbele ya sehemu ndogo ya hesabu. Sitaki mtoto mwingine alipie imani ya wazazi wake kwa aibu hiyo.

Palipo na watoto wa rika tofauti, msijaribu kufundisha kila mmoja kila kitu peke yake. Historia, sayansi na hadithi wasikilize wote pamoja, mkubwa aandike, mdogo achore. Kusoma na hesabu tu ndivyo viwe vya mmoja mmoja. Mkubwa akimweleza mdogo hesabu, usimwingilie. Anaisoma upya kwa namna ambayo wewe usingeweza kumpa.

Swali la "atacheza na nani" huulizwa na majirani kuliko wazazi, lakini lina haki yake. Mtoto anahitaji wenzake anaowaona mara kwa mara, watu walewale, ili agombane nao na kupatana nao. Timu ya mpira, kwaya, familia mbili tatu zinazokutana siku moja kila wiki. Ziara za hapa na pale hazijazi pengo hilo. Nikiona familia imejifungia, hilo ndilo la kwanza ninaloligusa, kabla ya vitabu.

La pili ninaloligusa ni uchovu wa mzazi, ambao mara nyingi ni wa mama. Mtu huyohuyo ndiye anayeonya, anayefariji, anayefundisha na anayepika, na mtoto hawezi kumwona mwalimu asubuhi na mama mchana kama watu wawili. Ugomvi wa hesabu unafuata hadi mezani usiku. Somo likifika kwenye machozi, lifungwe. Hakuna hesabu inayostahili uhusiano huo. Na kuna somo ambalo mzazi hataliweza, kwa wengi ni aljebra au kemia. Hapo atafutwe mwalimu wa masaa machache, au mzazi ajifunze pamoja na mtoto waziwazi, kurasa mbili mbele yake. Mitihani ya taifa ianze kuulizwa miaka miwili kabla: nani anamsajili mtahiniwa asiye na shule, na mazoezi ya maabara atafanyia wapi. Nimeona vijana waliojiandaa vizuri wakikosa mwaka mzima kwa fomu iliyochelewa.

Sheria nayo isidhaniwe. Marekani kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake. Uingereza na Wales, sheria ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Ufaransa ilitosha kutoa taarifa, lakini tangu 2022 lazima uombe kibali. Ujerumani mtoto anatakiwa kwenda shule, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa pale nchi hiyo ilipowabana wazazi waliokataa. Soma sheria ya mahali unapoishi kabla hujamtoa mtoto shuleni.

Popote ulipo, weka kumbukumbu. Mkaguzi akija utamwonyesha, lakini faida kubwa ni yako mwenyewe, kwa sababu baada ya miezi mitatu hutakumbuka mtoto alikuwa wapi. Naziomba familia zangu ziandike mistari mitatu tu kila jioni: tulifanya nini, mtoto alisema nini, nini kinafuata. Kabla sijaondoka siku ile nilimwomba yule mama anionyeshe daftari lake. Mwandiko ulikuwa umepinda, maana aliandika kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto:

"502 − 178. Alidhani kubwa ndiyo hutolewa ndogo popote ilipo. Tumefungua mafungu, ameona mwenyewe kwa nini sifuri inakuwa tisa. Ijumaa nimpe 403 − 156 bila njiti, anieleze kwa mdomo."